Kuuza, kukopa au kuazima? Vitenzi vitatu katika soko la hati

Anayechukua kitabu cha mwenzake ameazima: atarudisha kilekile. Anayechukua kilo ya unga amekopa: atarudisha unga mwingine wa kiasi hichohicho. Kifaransa huridhika na emprunter pande zote mbili. Hisa zinazokopeshwa katika masoko ya Ulaya ziko upande wa unga. Mpokeaji huwa mwenye mali, aweza kuziuza au kuziweka rehani kwingine, kisha hurudisha nyingine za aina ileile. Kusema ameazima ni kumficha mwenye hisa hatari yake.

Kitenzi cha tatu kina mambo zaidi. Benki inauza hati fungani leo na kuahidi kuzinunua tena baada ya siku chache kwa bei ya juu kidogo. Kwa umbo ni mauzo, kwa maana ni mkopo, na hati ndizo rehani. Pwani yetu inaujua mtindo huu: Zanzibar ya karne ya 19 ilikuwa na bei ya khiyari, ambapo mwenye shamba aliliuza akibakiwa na haki ya kulikomboa.

Lehman Brothers ya Marekani iliutumia mwanya huo wa umbo na maana. Ilitoa hati zenye thamani ya 105 kwa kila 100 ya fedha, ikaandika "tumeuza", na deni likatoweka vitabuni mwishoni mwa robo mwaka. Katika robo ya pili ya 2008 zilifichwa hivyo takriban dola bilioni 50. Septemba ikafilisika.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2365 inajibu hali ya namna hii. Kila upande huripoti muamala kwenye hazina ya kumbukumbu, si zaidi ya siku ya kazi inayofuata, na huutaja kwa aina yake. Ripoti zilianza Julai 2020. Tena, apokeaye rehani hawezi kuitumia upya kabla ya kumweleza mwenzake hatari kwa maandishi na kupata ridhaa yake.

Je, tungeitafsiri vipi? Tanzania huita hati hizi "dhamana", neno ambalo pia ni rehani, hata ya mahabusu (!). Sentensi "dhamana hutolewa kwa dhamana" haisomeki. Napendekeza "hati" kwa kinachokopeshwa, "rehani" kwa kinachokilinda, na "mauzo ya kukomboa" kwa muamala wa Lehman, ili ahadi ya kununua tena isikike ndani ya jina lenyewe.