Maji ya Aksoloti

Katika darasa letu la biolojia tulisoma habari za aksoloti, mnyama wa jamaa ya salamanda ambaye asili yake ni maji ya Xochimilco, kusini mwa Mji wa Mexico. Hukua mpaka kuzaa bila kuacha umbo la utotoni, na matamvua yake ya kupumulia hutokeza nje kama manyoya. Mwaka 1864 walipelekwa 34 mjini Paris, na tangu hapo wamefugwa katika maabara nyingi. Huko kwao wamebaki wachache mno, kwa hiyo amfugaye hana budi kuyajua maji yake.

Wenzangu wengi hudhani kwamba maji maangavu ni maji salama. Sivyo. Mavi ya mnyama na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo haionekani kwa macho, lakini huunguza matamvua na ngozi yake laini. Wanaoiondoa ni bakteria waishio ndani ya chujio na juu ya mawe. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo. Katika tangi jipya huchukua kama wiki nne hadi nane kuenea, na mnyama asitiwe kabla ya hapo.

Ndiyo maana siwaafiki wapendao kusugua. Mtu akimwaga maji yote na kuliosha chujio kwa maji ya bomba mpaka ling'ae, klorini huwaua bakteria, na baada ya siku chache amonia hupanda. Yatosha kutoa robo ya maji kila wiki kwa mpira, huku ukinyonya uchafu wa chini, kisha kulisuza chujio katika ndoo ya maji yale yale uliyoyatoa. Maji mapya yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi siku nzima husaidia ikiwa ni klorini tupu, bali kloramini haitoki hivyo. Sabuni isikaribie kabisa.

Joto lipimwe kila siku. Nyuzi 16 hadi 18 za Sentigredi humfaa. Zikizidi 24 huanza kudhoofika. Mahali penye joto la pwani, pasipo mashine ya kupoza maji, naona ni ukatili kumfuga.

Changarawe ndogo zisiwekwe chini, maana huzimeza pamoja na chakula. Nyungunyungu asiyeliwa aondolewe siku ile ile, kabla hajaoza.