Kumsaidia Mwenye Kusoma kwa Shida

Mkatekumeni kijana wa Mokambo akichekwa asomapo, huona haya, na mwisho huacha mafundisho. Kumcheka, basi, ni kumfungia mlango wa Ubatizo.

Mtakatifu Yoane Maria Vianney wa Ufaransa alishindwa sana na Kilatini, hata seminari ikamrudisha. Lakini Padri Balley hakumkatia tamaa. Alimfundisha kwa uvumilivu, naye akapewa upadri mwaka 1815.

Mfanyieni kijana vivyo hivyo. Mpeni kwanza Baba Yetu, sala aliyokwisha kuishika moyoni. Aifuate kwa kidole, silabi kwa silabi. Akikwama, ngojeni. Akikosea, msomeeni polepole, naye arudie. Akimaliza mstari, msifuni.

Swali: Nani kati yenu atakaa naye Dominika hii?