Kufundisha Uwekaji wa Programu Katika Kompyuta za Linux

Mwanachuo atakayefundisha mahali penye kompyuta za Linux hana budi kujua jinsi ya kuongeza programu ambazo hazikuja na mashine. Katika makala haya tutaeleza namna ya kulifundisha jambo hilo, tukitumia mifumo ya Debian na Ubuntu. Mifumo hiyo hutumia chombo kiitwacho APT, kilichoingizwa katika Debian mwaka 1999.

Hapo awali sisi wenyewe tulikosea. Katika kipindi kimoja tuliandika ubaoni amri ya kuweka programu, wanachuo wakainakili. Kompyuta nyingi zikajibu kwamba kifurushi hakionekani. Wanachuo wakafuta na kuandika upya, wakidhani wamekosea herufi, mpaka kengele ikalia. Herufi zilikuwa sahihi. Orodha ya vifurushi ndiyo iliyokuwa ya zamani. Tulikuwa tumefundisha amri bila maana yake.

Tangu hapo twaanza na stoo ya shule. Mtunza stoo hatoi kitu kwa kukisia, bali hutazama leja. Kompyuta nayo ina leja yake, yaani orodha ya vifurushi vilivyomo katika bohari ya mfumo huo kwenye intaneti. Orodha hiyo hutiwa saini ya kidijiti, na kompyuta huihakiki. Kwa hiyo ni salama zaidi kuchukua programu boharini kuliko kuiokota popote.

Wanafunzi wakisha kuuelewa mfano huo, waongozwe kwa hatua nne.

Hatua ya kwanza: kuhuisha leja.

sudo apt update

Neno sudo huomba mamlaka ya msimamizi. Neno la siri halionekani linapoandikwa. Wanafunzi waambiwe mapema, wasije wakadhani kibodi imeharibika.

Hatua ya pili: kutafuta. Tuanze na haja, si jina. Tuseme twataka programu ya kuchorea kwa watoto:

apt search paint children

Miongoni mwa majibu itaonekana tuxpaint.

Hatua ya tatu: kusoma maelezo.

apt show tuxpaint

Hapa mwanafunzi ataona kazi ya programu, ukubwa wake na vifurushi inavyovitegemea. Hatua ya pili na ya tatu husoma leja iliyomo katika mashine, hivyo hazitumii bando. Basi zifanyiwe mazoezi ya kutosha.

Hatua ya nne: kuweka.

sudo apt install tuxpaint

Aletaye karabai bila mafuta na utambi hajaleta mwanga. Vivyo hivyo APT huleta pamoja na programu vifurushi vyote inavyovihitaji. Inapolazimu kuongeza vifurushi vingine, hutaja kwanza kiasi cha data kitakachopakuliwa na kuomba ridhaa. Mwanafunzi asome kabla ya kukubali, hasa pale ambapo darasa zima linategemea bando moja.

Mwalimu asiifute hatua yoyote kwa kuokoa muda. Mwanafunzi anayejua kazi ya kila hatua ataweza kutambua mwenyewe ni wapi mambo yalipokwama.

Zoezi

1. Kompyuta imejibu kwamba kifurushi hakionekani. Taja mambo mawili ya kuchunguza.
2. Tafuta programu ya kufundishia hesabu, kisha ueleze kwa nini umeichagua kabla hujaiweka.
3. Andaa somo la dakika 40 kuhusu hatua ya pili na ya tatu tu.