Zoezi la Ufahamu na Ufupisho: Kazi ya Afisa Usalama

Mtahiniwa, soma kifungu kifuatacho mara mbili kabla ya kujibu maswali. Mara ya kwanza tafuta wazo kuu; mara ya pili pigia mstari hoja za kila aya.

KIFUNGU

Tuchukue mfano wa kiwanda cha kupasua mbao ambako kijana amekatwa vidole viwili na msumeno wa mviringo. Msimamizi wa zamu anaandika neno moja kwenye daftari la ajali: uzembe. Mwenye kiwanda anawanunulia wafanyakazi wote glavu, anaona suala limekwisha.

Afisa usalama akifika haanzi kwa kumtafuta mkosaji. Anauliza kwa nini msumeno hauna kifuniko cha kinga. Anaambiwa kilivuliwa kwa sababu mbao zilikuwa zinakwama. Kwa nini zilikwama? Msumeno ulikuwa butu. Kwa nini haukunolewa? Kuunoa ni lazima mashine isimame, na vijana hulipwa kwa idadi ya mbao, hivyo kila dakika ya kusimama hupunguza ujira wao. Kumbe ajali ilianzia kwenye utaratibu wa malipo. Glavu nazo anazikataza kwenye mashine hiyo, kwa kuwa meno ya msumeno yanaweza kuzinasa na kuuvuta mkono.

Katika taaluma hii hatua za kudhibiti hatari hufuata mpangilio. Kwanza, kihatarishi huondolewa kabisa. Isipowezekana, hubadilishwa kwa kitu chenye madhara madogo, kama kutumia rangi ya maji badala ya rangi yenye kemikali kali. Hatua ya tatu ni kukitenga na watu kwa kifuniko, uzio au feni ya kufyonza vumbi. Ya nne ni taratibu za kazi na mafunzo. Vifaa kinga, yaani kofia ngumu, barakoa na buti, huja mwisho kwa sababu haviondoi hatari. Humpunguzia madhara yule tu aliyevivaa, tena akivivaa ipasavyo.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama na afya za wafanyakazi wake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) husimamia utekelezaji wake. Hata hivyo, afisa usalama aliyeajiriwa kiwandani hulipwa mshahara na mwajiri yuleyule anayepaswa kumwambia asimamishe mashine. Sheria humpa mahali pa kusimamia, lakini ujasiri lazima awe nao mwenyewe.

Kijana wa kidato cha nne anaweza kuifikia kazi hii kwa njia zaidi ya moja. Anayefaulu Baiolojia na Kemia anaweza kusomea afya ya mazingira katika vyuo vya afya. Mwenye Fizikia na Hisabati anaweza kupitia uhandisi. Fundi aliyetoka chuo cha ufundi stadi naye huweza kujiongezea kozi za usalama, na faida yake ni kwamba mashine anazijua kwa mikono yake. Wote watahitaji lugha: ripoti isiyoeleweka haiwezi kusimamisha mashine.

MASWALI

1. Wazo kuu la kifungu hiki ni lipi?
2. Kwa nini neno "uzembe" halitoshi kueleza ajali iliyotokea?
3. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: (a) butu (b) ujira (c) kihatarishi.
4. Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 40.

MAJIBU YA MFANO

1. Kazi ya afisa usalama ni kutafuta chanzo cha hatari na kukiondoa, si kumlaumu aliyeumia.

2. Neno hilo linamtwika lawama mfanyakazi na kuficha sababu za kweli: kifuniko kuvuliwa, msumeno kuwa butu, na malipo yaliyowafanya vijana wasitake kusimamisha mashine.

3. (a) Isiyo na makali. (b) Malipo ya kazi. (c) Kitu au hali inayoweza kusababisha madhara.

4. Afisa usalama huanza kwa kuondoa kihatarishi. Akishindwa, hukibadilisha kwa chenye madhara madogo, hukitenga na watu, kisha huweka taratibu na mafunzo. Vifaa kinga huja mwisho kwa sababu haviondoi hatari. (Maneno 28)

ZINGATIA

Katika swali la 2, watahiniwa wengi hunakili aya ya pili nzima na kupoteza alama. Swali linaanza na "kwa nini", hivyo toa sababu tu, kwa maneno yako. Katika swali la 4, mifano kama rangi, feni na buti huachwa. Hatua zote tano, pamoja na sababu ya vifaa kinga kuwa mwisho, ni lazima zibaki.