Dondoo muhimu: Kuogelea juu ya matumbawe ya Kisite
Kabla ya kushuka chomboni, muulize nahodha maji yanajaa au yanakupwa saa ngapi. Wakati wa bamvua mkondo huwa mkali. Usiogelee peke yako, na ukichoka lala chali, uinue mkono.

Tumbawe ni kiumbe hai, na mengi hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Usisimame juu yake hata miwani ikiingia maji: elea, mwaga maji, endelea. Mapezi ya miguuni nayo huvunja, basi piga miguu taratibu. Kasa akipanda kuvuta pumzi, mpishe, usimguse kabisa.

Vaa fulana ya mikono mirefu, maana mgongo ndio huungua kwanza. Samaki usiwarushie mkate, hata mwongozaji akikupa.