Malezi Huanza Tumboni

Wengi katika sisi hudhani ya kuwa malezi ya mtoto huanza siku anapozaliwa. Sivyo. Natutazame yaliyopita Uholanzi katika Vita Vikuu vya Pili. Mwishoni mwa mwaka 1944 Wajerumani walizuia chakula kisifike miji ya magharibi, hata mapema 1945 posho ya mtu ikashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Mimba zilizotungwa siku hizo zilipungua sana. Wanawake waliokuwa karibu kujifungua walizaa watoto wepesi. Ama wale ambao njaa iliwakuta mimba ingali changa, watoto wao walizaliwa na uzito wa kawaida, wakadhaniwa wamesalimika; lakini ukubwani maradhi ya moyo yalionekana kwao zaidi kuliko kwa wenzao. Maana miezi ya mwanzo ndiyo ya kuumbwa viungo, navyo hujengwa kwa chakula apatacho mama.

Basi ndugu zetu, mwenye mke mja mzito asingoje tumbo lionekane ndipo amtafutie samaki, maziwa na mboga. Na sheria yetu imemruhusu kufungua katika Ramadhani akichelea nafsi yake au mwanawe. Akiitumia ruhusa hiyo, tusimlaumu.