Kabla Hujauza Ng'ombe kwa Ajili ya Pete ya Almasi

Kwetu Mara madini tunayoyajua ni dhahabu. Mtoto wa Butiama anakua akisikia habari za Buhemba, wa Tarime anakua na za Nyamongo, na hata asiyewahi kushika sururu anajua kwamba dhahabu hupimwa kwa gramu na ina bei yake ya siku. Almasi ni ya upande wa Shinyanga. Sisi tunaiona kwenye filamu na kwenye simu, tena kwenye kidole cha mtu mwingine. Nadhani ndiyo maana mtu wa Musoma ni rahisi kupigwa kwenye almasi kuliko kwenye dhahabu.

Likizo iliyopita kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliniita pembeni. Anafundisha shule ya msingi huko Bunda, ana mchumba, na wazee wameshaanza kuzungumza habari za mahari. Lakini siku hizi ng'ombe peke yao hawatoshi, lazima iwepo na siku ya kupiga goti, pete na picha. Kuna dalali alikuwa amemwonyesha kijiwe kidogo cheupe ambacho bado hakijachongwa, akidai ni almasi ya Mwadui. Mbele ya macho yake akakwaruza nacho chupa ya soda, chupa ikabaki na alama. Kaka alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili.

"Mdogo wangu, wewe si unasoma Kemia? Niambie tu kama ni yenyewe."

Mimi nasoma ualimu wa Kemia na Biolojia, sio usonara, ila swali lake linajibika kwa daftari la sekondari. Ugumu wa madini hupimwa kwa skeli ya Mohs, kuanzia 1 hadi 10. Almasi ni 10, hakuna ubishi. Kioo cha chupa ni kama 5 na nusu tu. Kwa hiyo kila kilicho juu ya hapo kitakwaruza chupa, na cha kwanza kwenye foleni ni kwatsi yenye 7, yale mawe meupe ambayo wachimbaji wadogo huyaponda kutafuta dhahabu. Chupa ya soda ilimthibitishia kaka kwamba jiwe lile ni gumu kuliko chupa. Basi, hakuna zaidi.

Na hata kama lingekuwa almasi kweli, bado alikuwa anaingia matatani. Sheria yetu ya madini hairuhusu mtu kununua wala kuuza madini ghafi bila leseni, na tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani ili biashara hiyo ifanyike humo. Jiwe ghafi linalouzwa kwa kunong'onezana, nyuma ya kibanda, lina matatizo mawili: ama ni feki, ama ni halisi na wewe ni mkosaji.

Upande wa pili wa imani hiyo ya ugumu ni nyundo. Wapo wanaosema almasi halisi haipasuki, ipige uone. Usithubutu! Ugumu wa kutokukwaruzika na uimara wa kutokupasuka ni vitu viwili tofauti. Fuwele ya almasi ina pande ambazo hupasukia kirahisi ikigongwa vibaya, na wachongaji wa zamani walitumia udhaifu huohuo kuigawa. Anayejaribu almasi yake kwa nyundo anaweza kuwa na uhakika kamili kwamba alikuwa nayo.

Nyingine nimeisikia hata darasani, kwamba almasi ni makaa ya mawe yaliyobanwa sana. Kinachofanana ni kaboni tu, sawa na risasi ya penseli. Almasi nyingi zilitengenezeka chini sana, kilomita 150 na zaidi, na nyingi zina umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Makaa ya mawe yametokana na mimea, na wakati huo nchi kavu haikuwa hata na mimea ya kuoza. Milipuko ya volkano ndiyo iliyozipandisha juu kwa mwamba uitwao kimberlaiti. Mwadui ni bomba la mwamba huo, mojawapo ya makubwa duniani kwa eneo la juu, kama hekta 146.

Na hapo Mwadui ndipo kisa chenyewe kinapopata utamu. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aliigundua almasi hiyo baada ya kuisaka kwa miaka. Oktoba 1947 mgodi wake ukatoa jiwe la waridi lenye karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa Novemba ya mwaka huohuo. Lilichongwa London likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa kwenye bruchi yenye umbo la ua. (Kwa hiyo na ile imani kwamba almasi halisi lazima iwe nyeupe kama maji, jirani zetu wa Kishapu wameikanusha siku nyingi. Mwaka 2022 almasi nyingine ya waridi, iliyotokana na jiwe la Mwadui, iliuzwa kwa mnada Hong Kong kwa dola milioni 57.7.)

Sasa angalia, mwaka huohuo wa 1947, huko Marekani, mwandishi wa matangazo aitwaye Frances Gerety aliiandikia kampuni ya De Beers maneno machache: almasi ni ya milele. Kampuni hiyo ilikuwa na almasi nyingi kutoka Afrika Kusini na wanunuzi walikuwa wamepungua tangu mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Ilihitaji watu waamini mambo mawili, kwamba bila almasi hakuna uchumba, na kwamba almasi ikishanunuliwa haiuzwi tena. Baadaye matangazo yakaongeza kipimo: mshahara wa mwezi mmoja, kisha wa miezi miwili. Ukimsikia mtu anasema pete ya heshima ni mishahara miwili, ujue hayo si mafundisho ya wazee wa popote. Ni tangazo.

Unaweza kusema hayo ni ya Wazungu. Japani nako walikuwa na taratibu zao za ndoa, kama sisi na zetu. Mwaka 1967 matangazo yalipoanza huko, wachumba waliovishwa almasi hawakufika 5 katika 100. Kufikia 1981 walikuwa kama 60. Ni miaka kumi na minne tu! Nikiwaona wenzangu wa hosteli wakipima mapenzi kwa ukubwa wa jiwe, nawaza sisi tupo mwaka wa ngapi.

Kinachouma zaidi ni bei ya kurudisha. Dhahabu ya pete ukiipeleka kwa sonara ataipima, atakata chake, na utapata sehemu kubwa ya thamani ya gramu zake. Almasi haina bei moja ya gramu. Inategemea uzito, rangi, usafi na mchongo, na duka limeshaweka faida yake juu. Ukirudi kuiuza, hata mwezi mmoja baadaye, mara nyingi unapewa nusu au chini ya hapo. Ng'ombe wawili wa kaka wangekuwa wamezaa. Anayekuuzia pete ya almasi kama akiba anakudanganya, na huo ni uongo mkubwa kuliko wa chupa ya soda kwa sababu unasemwa dukani, chini ya kiyoyozi.

Neno karati nalo linawachanganya wengi. Karati ya dhahabu ni usafi: 24 ni safi kabisa, 18 ni robo tatu, na ndani ya pete utaona mhuri wa 750. Karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2, nayo imegawanywa pointi 100. Akisema "pete ya karati 18" hajasema lolote kuhusu jiwe. Muulize jiwe lina pointi ngapi. Usikimbilie ukubwa pia, kinachofanya almasi iwake ni mchongo, na jiwe dogo lililochongwa vizuri hulishinda kubwa lililochongwa ovyo. Madoa ya ndani hukaguliwa kwa lenzi inayokuza mara 10, kwa hiyo mengi unayolipia yasiwepo jicho lako lisingeyaona. Na kwenye dhahabu ya njano, umanjano kidogo wa jiwe hauonekani.

Vipi almasi ya maabara? Wengi wanaiita feki. Si feki. Ni kaboni ileile, fuwele ileile, ugumu uleule, na Marekani walishaitengeneza tangu miaka ya 1950. Kwa macho hutaitofautisha, hata sonara hawezi bila mashine, ila bei yake iko chini sana. Feki ni zirkonia au kioo kinachouzwa kwa jina la almasi. Katikati yuko moisanaiti, jiwe jingine kabisa, zuri na gumu, lakini linasumbua kwa sababu kile kikalamu cha kupimia joto dukani huweza kuliitikia kama almasi. Hata kupulizia pumzi uone ukungu unavyokauka ni kipimo hichohicho cha joto, tena dhaifu zaidi. Mimi binafsi ningevaa moisanaiti bila shida yoyote, mradi nimeambiwa ni moisanaiti.

Kinachobaki cha kushika ni karatasi. Omba cheti cha maabara ya vito inayojulikana, kama GIA, kinachosema jiwe ni la ardhini au la maabara, na ulinganishe namba yake na ile iliyochorwa kwa leza pembeni ya jiwe kama ipo. Risiti iandikwe aina ya jiwe na pointi zake. Asiyetaka kuandika anajua kwa nini.

Kaka hakununua. Mpaka naandika haya ng'ombe wako zizini, wifi mtarajiwa bado hajavishwa, na sasa kaka anauliza bei ya pete ya dhahabu tupu Mwanza. Shangazi anasema anachelewa.

Jambo moja nusura nilisahau. Pete ikikubana na ukaipeleka kupanuliwa, mwambie fundi jiwe ni gani kabla hajawasha moto. Ile "milele" ni kaboni, na kaboni inaungua. Lavoisier aliichoma almasi kwa lenzi ya jua Ufaransa mwaka 1772, ikaisha yote. Moto wa sonara ukilipata jiwe bila kinga unaweza kulifanya ukungu, na hapo cheti hakitakusaidia kitu.